Pingili ya Tendaguru na Uvimbe wa Gegedu

Katika kilima cha Tendaguru, kusini mwa mto Mbwemkuru, ambako baina ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya wachimbaji na wapagazi, Boheti bin Amrani akiwa msimamizi wao, waliifukua mifupa ya dinosau na kuichukua hadi bandarini Lindi, ilitoka pingili ya mgongo ya Dysalotosaurus, mnyama wa miaka milioni 150 hivi iliyopita, ambayo mwaka 2011 wataalamu waliipiga picha za tabaka pasipo kuivunja, wakahukumu kuwa iliingiwa na maradhi yafananayo na ya Paget, ambayo mfupa huliwa kisha ukajengwa upya ovyo.

Hukumu ile ilisimama juu ya umbo peke yake. Ama tabibu apimaye uvimbe wa gegedu katika mfupa wa mtu wa Ruangwa au Nachingwea, yeye ana shahidi wa pili, naye ni ulimi wa mgonjwa. Na shahidi huyo ana kazi kubwa, maana enkondroma, uvimbe usio na dhara, na kondrosakoma ya daraja la chini, ambayo ni saratani, hushabihiana mno chini ya hadubini, hata mabingwa hukhitilafiana juu ya kipande kimoja.

Basi huulizwa kwanza maumivu: yamwamshayo mtu mzima usiku, naye hakuanguka wala hakuumia, ni ya kutiliwa shaka, ingawa bega huweza kuuma kwa sababu nyingine na enkondroma ikaonekana kwa sadfa tu. Kisha hutazamwa mahali, kwani vidoleni aghalabu ni salama, bali nyongani na mbavuni hadhari yapasa kuzidi.

Katika eksirei, madoa ya chokaa mfano wa pete huthibitisha kuwa ni gegedu, wala hayathibitishi zaidi ya hapo. Kipambanuzi ni ukuta wa mfupa. Ukiwa mfupa ni mrefu, kama wa paja, na uvimbe umeukwangua ukuta kwa ndani kupita theluthi mbili za unene wake, au umeutoboa ukatokea nyamani, hapo saratani hudhaniwa kwa nguvu.

Nawasihi matabibu wa zahanati zetu: mgonjwa apewapo rufaa, afungiwe na picha zake za zamani, kwa sababu enkondroma iliyotulia miaka mingi, ikianza kukua kwa mtu mzima, hutambulikana kwa kulinganishwa na ilivyokuwa.