uv ina kasi, sawa. Bando je?

Siku hizi neno "kifurushi" lina kazi mbili. Kuna kifurushi unachonunua kwa simu, cha siku au cha wiki, ambacho wengi tunakiita bando. Halafu kuna kifurushi cha programu: kazi ya mtu mwingine iliyofungwa vizuri ili uipakue na uitumie kwenye kazi yako, kama numpy ya hesabu au pandas ya majedwali. Ukiwa unaishi Mbezi Luis na laptopu yako inapata intaneti kwa hotspoti ya simu, unajua fika kwamba kifurushi cha pili kinakula cha kwanza. Kwa jicho hilo leo tunaipima uv, maana naona watu wanahamia huko kwa kasi.

Kwa ambaye hajakutana nayo: uv ni kisimamizi cha vifurushi vya Python, kilitolewa na kampuni ya Astral Februari 2024 na kimeandikwa kwa lugha ya Rust. Unaipa orodha ya unachohitaji, inatafuta matoleo yanayopatana, inayapakua na kuyapanga. Wenyewe wanasema inachukua nafasi ya pip, virtualenv, pyenv, poetry na wengineo, na kwamba inaizidi pip kwa kasi mara 10 hadi 100.

Kasi ipo kweli. Kazi ambayo pip ilikuwa inakuacha ukachemshe chai, uv inaimaliza hujainuka kitini. Lakini angalia vizuri ule mchoro maarufu kwenye ukurasa wao: unapima hali ambapo vifurushi vyote tayari vimeshapakuliwa na vimo stoo ndani ya kompyuta. Rust haiwezi kuuharakisha mnara wa simu. Kwetu sisi swali la kwanza si sekunde ngapi, ni MB ngapi.

Na hapo ndipo uv inaponiudhi. Ukisakinisha kitu Ubuntu kwa kutumia apt, kikiwa na vitegemezi vyake, inakutajia kwanza jumla ya kitakachopakuliwa, kisha inakuuliza: tuendelee? Hata conda inakuonyesha uzito wa kila kifurushi na inasubiri jibu. uv inaanza tu. Ukiiambia ifanye majaribio bila kupakua, itakupa majina na idadi, uzito haikutajii. Sasa chukua mwanafunzi mwenye Linux anayetaka kujifunza PyTorch. Anaomba torch, basi. Kinachoshuka ni toleo lenye maktaba zote za kadi za NVIDIA, zaidi ya GB 2, hata kama laptopu yake haina kadi hiyo na haitakuwa nayo kamwe. Toleo la CPU, ambalo lingemtosha kabisa, lina karibu MB 200. Maelekezo ya kulichagua yapo kwenye nyaraka za uv, tena yameandikwa vizuri, ila yanamfaa anayejua tayari kwamba kuna cha kutafuta. (pip nayo ina dhambi hiyohiyo. Lakini pip haijajitangaza kuwa mkombozi.)

Tuwe wa haki: kuna jambo moja uv inalifanya vizuri sana, na ajabu ni kwamba halipigiwi debe kama kasi. Badala ya kunakili numpy upya kwenye kila mradi, inaweka nakala moja stoo na miradi yote inaelekezwa hapohapo. Mwenye miradi mitano na diski ya GB 256 ataona tofauti. Ila kuna sharti: stoo na mradi viwe kwenye sehemu moja ya diski. Mafundi wetu wengi hugawa diski ya Windows kuwa C na D, stoo ya uv inakaa C, kazi zako ziko D, na hapo uv inarudi kunakili kama zamani. Inatoa onyo fupi ambalo ni rahisi kulipita. Dawa ni kuihamishia stoo D kwa kuweka UV_CACHE_DIR.

Mabasi ya mikoani yalipohamishwa kutoka Ubungo kuja hapa Mbezi mwaka 2021, stendi mpya ilikuwa bora kuliko ile ya zamani, hilo halina ubishi. Abiria wa Mbagala alikuwa na swali lingine: nafikaje huko? Watu wa biolojia wanauliza swali hilohilo. samtools na BLAST si vifurushi vya Python, wanavipata kwa conda kupitia bioconda, na uv haina njia ya kuwafikisha. Kumwambia "achana na conda" ni kumshusha njiani. Kama tatizo ni masharti ya Anaconda, ambayo tangu 2020 yanadai malipo kwa taasisi za kibiashara zenye watu zaidi ya 200, basi Miniforge inatumia conda-forge bila malipo na amri ni zilezile. Tukumbuke pia kwamba Astral nayo ni kampuni. Leseni ya uv iko wazi, hilo linatuliza, lakini Anaconda nayo watu waliizoea kama kitu cha bure.

Kinachonisumbua zaidi ni kubeba. Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na intaneti ya Tanzania ikadorora. Siku kama hiyo kazi inaendelea kwa flashi. pip ina amri ya kupakua vifurushi kwenye folda bila kuvisakinisha, hata kwa ajili ya kompyuta ya aina nyingine. uv, hadi toleo ninalotumia, haina.

Kwa hiyo kwa sasa nashauri zitumike zote mbili. Mmoja wenu apakue kwa pip akiwa kwenye waifai ya chuo, folda izunguke kwa flashi, kisha kila mtu asakinishe kwa uv akiielekeza kwenye folda hiyo kwa --no-index na --find-links. Faili la uv.lock likae pamoja na kodi yenu, ili msimamizi wako akiuliza mwakani ulitumia toleo gani, jibu liwepo. Na kabla ya amri yoyote yenye torch ndani yake, zima data kwanza, usome ulichoandika.