Ufundi wa Kusoma Mistari

Ujumbe ulikuwa na maneno machache tu: ile hela tuma kwenye namba hii. Shangazi yangu alikuwa amekaa kibarazani kwake Ngamiani, Tanga, anamsubiri fundi wa bati amtajie namba ya kumlipa. Akatuma shilingi 80,000. Jioni fundi alipokuja kudai chake, shangazi akanipigia simu. "Mwanangu, hivi wale watu walijuaje kama nadaiwa?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, mwaka wa 11, na kompyuta niliijua kwa majedwali ya stoo basi. Swali lile halikunitoka. Nikanunua laptopu ya mtumba, nikaiwekea Linux, nikaanza kujifundisha usalama wa mtandao usiku watoto wakishalala. Leo ndiyo kazi inayonilipa, na bado naipenda kama usiku ule wa kwanza.

Wengi hudhani ni kazi ya vijana wenye kipaji cha ajabu, vidole mbio. Mimi nimeikuta ni kazi ya kusoma polepole. Jinsi kompyuta mbili zinavyoanza kuongea, kwa mfano, nilijifunza kitabuni nikasahau mara nne. Kisha usiku mmoja nikawasha Wireshark, programu inayoonyesha pakiti zikipita moja moja, nikaona mistari mitatu imefuatana. Ya kwanza inaomba njia, ya pili inajibu kuwa imesikia na iko tayari, ya tatu inathibitisha. Nikasema kwa sauti peke yangu sebuleni: hodi, karibu, haya naingia. Sikusahau tena. Hapo hapo nikaelewa kazi ya Nmap, iliyotolewa mwaka 1997. Kompyuta ina milango ambayo namba zake huishia 65,535, na Nmap yaweza kuipigia hodi yote. Ikiitikiwa karibu, hukatisha na kwenda mlango mwingine. Mtaani kwetu mtu wa namna hiyo angeulizwa anatafuta nini. Kwa seva ya mtu mwingine ataulizwa pia, tena kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ndiyo maana mazoezi yangu yote nimeyafanya kwenye mashine zangu mwenyewe.

Kilichoniteka kabisa ni bomba. Ni kialama tu, mstari wa wima unaosimama kati ya amri na amri, wazo la Douglas McIlroy lililoingizwa kwenye mfumo wa Unix mwaka 1973. Kila aliyekulia pwani analijua bila kufundishwa. Mmoja yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, nazi iliyokunwa inapokelewa na anayetia maji na kukamua, tui linapita kwenye kifumbu mpaka chunguni. Hakuna anayefanya kazi ya mwenzake, na hakuna anayeweza kuanza mwenzake hajampa. Ndivyo zinavyokaa amri hizi: grep inachagua mistari yenye neno unalolitaka, awk inachukua anwani peke yake, sort inazipanga, uniq inahesabu zinazofanana. Faili la mistari isiyosomeka linaingia upande huu, upande wa pili inatoka orodha fupi ya nani amekuja mara ngapi.

Nilikodi seva ndogo ya bei rahisi, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikakuta kwenye faili la kumbukumbu zake maelfu ya mistari inayosema nywila imekataliwa. Anwani za nchi nisizowahi kufika zilikuwa zimejaribu jina la root, la admin, la test, tena na tena. Moyo ulinienda mbio. Baadaye nikaona kwamba hakuna hata mmoja aliyenitafuta mimi. Mashine zao zilikuwa zinagonga kila mlango duniani, zikingoja ule wa mtu aliyesahau komeo. Nikampigia shangazi, nikamwambia: hawakujua, shangazi. Ujumbe ule walitumiwa watu wengi, ukakukuta wewe una hela mkononi na deni kichwani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Basi sikuwa mjinga." Hukuwa.

Kuna kisa ambacho kila anayejifundisha kazi hii hukutana nacho. Mwaka 1986 Clifford Stoll, mwanafalaki aliyekuwa anatunza kompyuta za maabara ya Lawrence Berkeley huko California, alipewa kazi ya kutafuta senti 75 ambazo hazikulingana kwenye hesabu za matumizi ya kompyuta. Mwingine angeziandika hasara akaenda kulala. Yeye alizifuata miezi mingi, zikamfikisha Hannover, Ujerumani, kwa kijana aliyekuwa akiingia kwenye kompyuta za jeshi la Marekani na kuuza alichokipata kwa KGB. Nilipokisoma niliikumbuka stoo yetu. Nimewahi kukesha humo nikitafuta shilingi 200, mwenye duka akinisihi nizilipe mfukoni tufunge.

Stoo ile ndiyo iliyonifunza kwamba wizi haukai kwenye risiti iliyofutwafutwa. Hukaa kwenye risiti safi. Kwa hiyo mistari elfu iliyokataliwa siiogopi. Nautafuta ule mmoja uliokubaliwa. Wiki ya pili niliupata. Mtu aliingia kwenye seva yangu, kwa nywila sahihi, Jumamosi, 20:12.

Jumamosi saa 2 na dakika 12 usiku nilikuwa hitimani Pangani, simu imezimwa. Nilikaa naangalia mstari ule mpaka chai ikapoa. Halafu nikakumbuka kuwa seva husoma saa ya UTC, nasi tuko mbele yake kwa saa 3. Ilikuwa 23:12. Nikavuta daftari ambalo, kwa mazoea ya ukarani, naandika humo kila ninapoingia, nikafungua Jumamosi. Mwandiko wangu mwenyewe: saa 5 na dakika 12 usiku, nimerudi, nimeingia, nimebadilisha nywila, nimetoka.