Mwendesha Mchezo na Zamu za Wenzake

Watu sita wanaandika hadithi moja. Mmoja yuko Toronto, mwingine Melbourne, waliobaki wametawanyika Uingereza, na wengi wao hawajawahi kuonana ana kwa ana. Watano kati yao wana wahusika wao: mkunga, baharia, karani wa forodha, mlinzi wa ghala na mwizi aliyestaafu. Wanaandikiana kwenye Discord, jukwaa la mazungumzo mtandaoni, kifungu kwa kifungu, na hakuna anayejua mwisho. Wa sita ni mwendesha mchezo, mwanamke wa London ambaye kazi yake ni kuhakikisha hadithi haifi njiani. Kadiri ninavyomtazama akiifanya, ndivyo ninavyozidi kuiheshimu.

Ufundi huu una ukoo. Mwaka 1974, nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo mmoja husimulia ulimwengu na wengine huishi ndani yake. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw alianza kuunda MUD, ulimwengu wa maandishi ndani ya kompyuta, na Richard Bartle akauendeleza. Mezani, msimuliaji humwona anayepiga miayo. Kwenye maandishi haoni uso wa mtu. Anachoweza kusoma ni nani ameandika, lini, na kwa urefu gani.

Kwa hiyo mwendesha mchezo wetu anaanza na daftari. Kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, humuuliza kila mmoja faraghani: mhusika wako anatamani nini, anaogopa nini, na ni mambo gani hutaki kabisa kuyakuta katika hadithi? Majibu huyaandika kwa mkono, ukurasa mmoja kwa kila mtu. Mwaka 1996 Bartle aliwagawa wachezaji katika mafungu manne: wanaofuata ushindi, wanaopenda kuchunguza, wanaokuja kwa ajili ya maongezi, na wanaofurahia kuwabana wenzao. Mwendesha mchezo huyu anaujua mgawanyo huo, ila hauandiki daftarini. Huandika maneno yenyewe ya mchezaji, kwa sababu ndiyo atakayoyarudia miezi ikipita.

Kisha hufungua tukio. Rasimu yake ya kwanza ni ndefu: bandari, mvua, harufu ya lami, mkunga akitetemeka kwenye ngazi. Anaisoma, anapunguza. Mvua inabaki. Kutetemeka kunafutwa, maana mkunga ana mwenyewe, na ni mwenyewe tu atakayesema kama anatetemeka. Mwishoni zinabaki sentensi chache, na ya mwisho ni hii: "Taa ya mnara imezimika, mlinzi wake haonekani, lakini kikombe chake bado kina joto." Anasimama hapo. Fanani aliyesema "Paukwa" hangoji kusifiwa, anangoja "Pakawa", na sentensi ile ya kikombe imeandikwa kwa kungoja kulekule.

Majibu yakianza kuingia, huwagawa wahusika. Watano wakikaa katika tukio moja, kila mmoja hungoja wanne, na Toronto ikiwa saa mbili usiku, Melbourne tayari ni asubuhi ya kesho yake. Basi baharia na mkunga wanapanda mnarani, karani na mwizi wanakwenda forodhani, mlinzi wa ghala anabaki na mgeni anayeandikwa na mwendesha mchezo mwenyewe. Kila tukio lina uzi wake, na wanaolala saa zinazokaribiana huwekwa pamoja.

Dadu, inayoamua kama jaribio la mhusika litafaulu, nayo ina adabu yake. Karani anataka kuisoma barua iliyofungwa. Programu inarusha dadu yenye pande 20, inatua kwenye 3. Ingetosha kuandika kwamba ameshindwa, na hadithi ingegonga ukuta. Yeye anaandika kwamba karani ameisoma barua yote, na alipoinua kichwa akamkuta bosi wake amesimama mlangoni. Kushindwa kumezaa kazi mpya, tena ya watu wawili, kwa sababu mwizi yuko chumba cha pili na lazima aamue kama atajitokeza.

Subira yake huonekana zaidi pale mtu anaponyamaza. Baharia hajaandika kwa siku kadhaa. Mwendesha mchezo hamsemi mbele ya wenzake wala hamuui mhusika wake. Anamtuma baharia kwenye mashua kukagua nanga, ili mkunga aendelee bila kungoja. Halafu anafungua daftari na kumwandikia faraghani: "Ukipata nafasi, nahodha anauliza kama unaweza kuisoma ramani hii." Hamdai maelezo, anampa swali dogo ambalo baharia peke yake anaweza kulijibu. Jibu linakuja baadaye, mistari miwili tu, mwenyewe yuko kwenye mitihani. Anaipokea mistari hiyo kana kwamba ni ukurasa mzima: ramani inaonyesha mwamba ambao mkunga ameuona kutoka mnarani, na mara mkunga ana la kumuuliza baharia.

Kila Jumapili huandika muhtasari wa matukio, ili aliyepitwa asione aibu kurudi. Anapouandaa, hupekua vifungu vya zamani. Hapo mwanzo mwizi aliwahi kutaja, kwa sentensi moja ya kupita, kwamba ana dada ambaye hawasemezani. Wengine wamesahau, daftari halijasahau. Karani na mwizi wanapotoroka forodhani na kubisha hodi nyumba ya kwanza waliyoiona, anayefungua mlango ni dada huyo. Usiku huo mwizi, ambaye kwa kawaida huandika kwa ufupi, aliandika kifungu kirefu kuliko vyote alivyowahi kuandika.

Sura huifunga wenzake wakiwa bado na hamu. Nyuzi zote zinakutana mnarani, na uamuzi wa kuiwasha taa au kuiacha gizani unabaki wazi. Angeweza kuuandika yeye. Ulimwengu ni wake. Anaandika mahali kila mmoja aliposimama, anamwachia baharia zamu, na anangoja hadi mitihani iishe. Wenzake wanangoja naye, na hakuna hata mmoja anayeondoka kundini. Kundi lililoona kwamba kila zamu ilitunzwa limejifunza kumtunzia mwenzao ya kwake.