Hamsini wa Yeriko: Rubani Aliyepotea na Swali la Anayemtafuta

Katika sura ya pili ya Kitabu cha Pili cha Wafalme, Eliya akiisha kuchukuliwa juu ng'ambo ya Yordani, wana wa manabii waliokuwa Yeriko wanamwomba Elisha ruhusa ya kupeleka watu hamsini wenye nguvu wakamtafute bwana wake. Wanachelea kuwa huenda ametupwa mlimani au bondeni. Elisha anakataa. Wanamshikilia mpaka anaona haya, naye anawaachia. Wanatafuta siku tatu wasimwone, kisha wanarudi Yeriko alikobaki Elisha, ambaye hana la kuwapa ila kuwakumbusha kwamba alikwisha kuwakataza. Mahubiri yanayojengwa juu ya sura hii aghalabu huishia kwenye gari la moto na vazi lililoanguka, na wale hamsini husahauliwa. Makala haya yanadai kwamba kusahauliwa kwao ni kosa la usomaji, na kwamba kosa hilo hilo limejitokeza katika uhakiki wa maandishi yahusuyo marubani waliopotea nyikani na jangwani.

Kwamba mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi unaitwa Jericho, na jirani yake Jerusalem, ni kazi ya watoa majina wa Baraza la Jiji na si hoja ya fasihi. Hata hivyo, mahali asomapo mtu si kitu cha kupuuzwa. Msomaji wa Jericho anasoma habari za ndege akiwa kati ya viwanja viwili. Kaskazini yake upo Eastleigh, kituo cha jeshi la anga la Uingereza kabla ya uhuru na cha Kenya baadaye. Ni katika kituo hicho, tarehe 1 Agosti 1982, ambapo Hezekiah Ochuka na wenzake waliongoza jaribio la mapinduzi, na likisha kushindwa wakakimbilia Dar es Salaam kwa ndege ya kijeshi. Kusini-mashariki upo Embakasi, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1958 baada ya kujengwa kwa jasho la mahabusu wa kipindi cha Hali ya Hatari. Kwa msomaji huyu, ndege haikuanza kuwa sitiari. Ilianza kuwa kazi, kelele, na jambo la serikali.

Tuanze na kisa kilicho karibu na mji wenyewe. West with the Night, kitabu cha kumbukumbu cha Beryl Markham kilichotoka mwaka 1942, kinafunguka kwa safari ya usiku kutoka Nairobi kwenda Nungwe, na safari hiyo imefungamana na habari ya rubani aitwaye Woody, ambaye yeye na ndege yake hawajulikani walipo katika mbuga za Serengeti. Ustadi wa Markham katika sura hizi haupingiki. Anaitandaza ardhi chini ya ndege mpaka inakuwa kubwa kupita kiasi, kisha anakifanya kila kiangazacho juani kuwa huenda ndicho. Hapa msimbo wa fumbo alioueleza Roland Barthes katika S/Z (1970) unafanya kazi barabara: swali linaulizwa, jibu linacheleweshwa, msomaji anashikwa na taharuki, hatimaye Woody anapatikana akiwa hai.

Mabishano makubwa juu ya kitabu hiki yamekuwa kuhusu nani hasa alikiandika. Mary Lovell alimtetea Markham katika wasifu wake wa mwaka 1987, naye Errol Trzebinski katika wasifu wa mwaka 1993 akampa mume wake, Raoul Schumacher, sehemu kubwa ya sifa. Ni mabishano halali, lakini yamekula wino uliostahili kwenda kwingine. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: kwa nini kupotea kwa Woody kunaamsha ndege, rubani na kurasa, ilhali watu wengine wa kitabu hicho hawaruhusiwi hata kupotea? Arap Ruta, aliyekua pamoja na Markham huko Njoro na baadaye akawa mwenzi wake wa kazi kwenye ndege, ameandikwa kwa mapenzi ya dhahiri. Lakini kazi yake katika usimulizi ni kuwapo. Yeye ndiye nchi kavu ambako rubani anarudi. Mtu aliyepewa dhima ya kuwa mahali hawezi kutafutwa, kwa kuwa usimulizi haukubali kwamba anaweza kukosekana.

Jambo hili linadhihirika zaidi Voi. Tarehe 14 Mei 1931 ndege ya Denys Finch Hatton ilianguka mara baada ya kuruka, yeye akafa pamoja na mtumishi wake Kamau. Hakuna aliyepotea hapa kwa maana ya kawaida, maana mahali pa ajali palijulikana siku ile ile. Lakini msomaji akiifuata habari hii hadi kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937 anaona kupotea kwa namna nyingine. Kaburi la Finch Hatton katika milima ya Ngong linatafutiwa mahali, linapimwa, linaombolezwa, hata simba wanaletwa kulilalia. Kamau anabaki jina moja tu, bila ukoo wala kijiji, na bila yeyote anayeambiwa kwamba hatarudi. Blixen hakuwa na chuki naye. Alikuwa na utanzu, yaani tanzia ya mtu mmoja bora, na utanzu huo haukuwa na kiti cha pili kama ilivyokuwa ndege yenyewe.

Na Voi si mahali patupu. Nyika ya Taru inayouzunguka mji huo ndiyo iliyopokea kambi za Manyani na Mackinnon Road. Operesheni Anvil ilipoanza Nairobi tarehe 24 Aprili 1954, maelfu ya watu walikamatwa, wakachujwa, wakasafirishwa kwenda kambi hizo. Jericho ulikuwa bado haujajengwa, lakini mitaa ya Waafrika iliyoutangulia ilikuwapo, na ilikuwa na milango iliyobaki imefungwa kwa nje. Hivyo jangwa, katika kumbukumbu ya upande huu wa mji, ni mahali ambako mtu hupelekwa. Katika maandishi ya marubani, jangwa ni mahali ambako mtu huenda. Tofauti ya vitenzi hivi viwili, kwenda na kupelekwa, ni ya kisarufi kabla haijawa ya kisiasa, na mhakiki wa Kiswahili, ambaye lugha yake humlazimisha kuitamka kauli ya kutendwa ndani ya kitenzi chenyewe, hana udhuru wa kutoiona.

Antoine de Saint-Exupéry ni mfano mgumu zaidi, na haifai kumbeza. Mwishoni mwa Desemba 1935 yeye na fundi wake André Prévot walianguka katika jangwa la Libya wakaokolewa na Bedui baada ya siku kadhaa za kiu. Tarehe 31 Julai 1944 akatoweka na ndege yake juu ya bahari ya Mediterania. Mabaki ya ndege yalitambuliwa rasmi mwaka 2004, lakini sababu ya kuanguka ikabaki fumbo. Kati ya matukio hayo mawili aliandika kitabu ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakifahamu kama Mwana Mdogo wa Mfalme, kwa tafsiri ya Philipp Kruse na Walter Bgoya iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Jina hilo la Kiswahili linakifikisha kitabu mahali kisipofika kwa Kifaransa. Mwana wa mfalme ni mhusika wa ngano. Msikilizaji wa paukwa-pakawa anajua kwamba huyo huondoka nyumbani ili atafutwe, au ili atafute kisha arudi. Rubani wa kitabu hiki anapoona alfajiri kwamba mwili wa mtoto haupo mchangani, msomaji wa Kifaransa aghalabu hufundishwa kuona ishara ya roho. Msomaji aliyelelewa na ngano ana haki ya kuuliza kwa ukali kidogo: mbona hakuna msafara? Rubani anatazama nyota, na wale hamsini hawaji. Huzuni ya kitabu, ambayo husifiwa kuwa ni ya watu wote, ni huzuni ya mtu asiye na jirani.

Kinyume cha hayo ni Walenisi (1995) ya Katama Mkangi. Dzombo anahukumiwa kifo na kuingizwa katika chombo cha angani kilichokusudiwa kummaliza. Kwa akili na ujasiri anakimudu chombo, na badala ya kufa anatua katika nchi ambayo jina lake, likikatwa vizuri, ni sentensi: wale ni sisi. Wahakiki wamezoea kuisoma riwaya hii kama njozi ya jamii ya usawa, wakaharakisha kufika nchini Walenisi kama watalii. Lakini uzito wa Mkangi uko mwanzoni. Mwanasosholojia huyu, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 na kufariki mwaka 2004, alijua kwamba kupotea kunaweza kuwa na saa, fomu na mtia sahihi. Katika riwaya yake fumbo la Barthes linageuzwa juu chini: tangu awali msomaji anamjua aliyemtupa Dzombo na sababu yake. Anachongojea ni kama aliyetupwa atakubali kupotea.

Ni haki pia kusema kwamba riwaya inaliachia jambo hili mapema mno. Safari ya angani ni fupi ikilinganishwa na mazungumzo ya mafunzo yanayofuata, na katika mazungumzo hayo wahusika wengi wanasema kwa sauti moja, ya mwandishi. Dzombo akiisha kutua anakuwa mwanafunzi, na hofu yake, iliyokuwa imeandikwa vizuri sana, inatolewa nje ya darasa. Zaidi ya hayo, usimulizi unamfuata aliyeondoka kuliko walioachwa. Mkangi anampa msomaji mtu anayepelekwa, jambo ambalo Markham, Blixen na Saint-Exupéry hawakulifanya, lakini kuhusu watafutaji yeye naye ni mchoyo.

Jambo lenyewe si la vitabu tu. Tarehe 28 Juni 1942 rubani wa Uingereza Dennis Copping alipotea na ndege yake aina ya Kittyhawk magharibi mwa Misri. Mwaka 2012 ndege ilionekana mchangani, parachuti ikiwa karibu nayo, dalili kwamba aliteremka akiwa hai na akajaribu kujikinga na jua. Yeye mwenyewe hakupatikana. Chuma kilihamishwa, kikatiwa rangi mpya na kuwekwa makumbusho huko El Alamein. Usimulizi wa kupotea hupenda chuma namna hiyo. Chuma hupigwa picha na kupewa namba, tena hakina mama.

Kurudi, basi, kwa wale hamsini. Matini haiwapi majina, wala haiwasifu. Inaeleza tu idadi yao, siku zao, na kwamba walimtia Elisha haya mpaka akawaruhusu. Haya hiyo ndiyo nafasi pekee katika sura nzima ambapo mrithi wa vazi anashindwa hoja na watu wa mji. Wanaporudi mikono mitupu hawajibu karipio lake. Aya inayofuata ina watu wa Yeriko wakimweleza Elisha kwamba mji wao ni mzuri lakini maji yake ni mabaya, naye anaagiza aletewe chombo kipya chenye chumvi.