Sari za Shailja Patel

Mama wengi wa Kigujarati nchini Kenya huanza mapema kuwawekea binti zao sari na vito vya harusi. Shailja Patel, mzaliwa wa Nairobi, alipochelewa kuolewa, mama yake aliamua kumkabidhi sanduku la sari zake hata hivyo. Bi harusi hakuwapo; mshairi alikuwapo.

Kutokana na sari hizo alitunga Migritude, onyesho analoigiza peke yake jukwaani, ambalo Kaya Press ya Marekani ililitoa kama kitabu mwaka 2010. Kila kitambaa akikikunjua, historia inamwagika. Nakshi yenye umbo la embe inatufikisha India, kisha kwenye viwanda vya nguo vya Paisley, Uskoti. Kufukuzwa kwa Waasia wa Uganda na Idi Amin mwaka 1972 kumo, na hofu iliyobaki kwa jirani zao wa Kenya imo pia.

Ninachomvulia kofia hasa ni kwamba hakuishia kwenye machungu ya watu wake. Wanawake wa Kenya walioteswa na Waingereza enzi za Mau Mau anawapa nafasi kubwa, wala hawageuzi kuwa pambo la kisa chake. Wahindi wa Afrika Mashariki wameandikwa mno kama wenye maduka (na tukubali, mara nyingi kwa kejeli). Patel, aliyesomea uhasibu, anapiga hesabu nyingine: nani alilipa, nani bado anadai.

Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa muungano wa Wakenya waliodai ukweli na haki.