Mwali Wenye Pete na Bamba za Meli za Tanganyika

Liemba, meli kongwe ya Ziwa Tanganyika ambayo zamani ilikuwa ikitia nanga Bandari ya Bujumbura, haikuchomelewa. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kiliiunga kwa bolti tu, kikaifungua, kikaipakia katika makasha yapatayo 5,000. Mafundi watatu wa kiwanda waliifuata hadi Kigoma, bamba zikapigwa ribiti huko, na Februari 1915 ikashushwa majini kwa jina la Goetzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini.

Kiwanda hichohicho, mwanzoni mwa karne hii, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza duniani kuunga bamba za meli kwa leza inayosaidiana na tao la umeme. Sababu ni joto. Tao peke yake hupasha eneo pana, bamba nyembamba hupinda, na kuzinyoosha ni kazi ya saa nyingi. Leza hukusanya nguvu zake mahali padogo mno. Chuma huyeyuka, sehemu yake hugeuka mvuke, na mvuke huo huchimba tundu jembamba linaloshusha joto hadi chini ya kiungo.

Tundu hilo ndilo lenye kero. Kuta zake ni chuma kilichoyeyuka, nazo hazitulii: zikijifunga ghafla, mvuke hunaswa na kuacha vitundu ndani ya kiungo, au hufyatuka na kurusha matone kila upande. Unaweza kupunguza mwendo, lakini basi leza ya nini?

Dawa mpya ni kubadili umbo la mwali. Uzi wa kioo unaoupeleka huwa na kiini katikati na pete inayokizunguka, na fundi hupanga kila kimoja kipewe nguvu kiasi gani. Kiini huchimba, pete hupanua mdomo wa tundu ili mvuke upate njia. Kwenye shaba pete ina faida zaidi, maana shaba baridi hurudisha zaidi ya tisa ya kumi ya mwanga wa leza za kawaida za viwandani. Ndiyo maana watengenezaji wa betri za magari ya umeme wameichangamkia.

Ufukweni Tanganyika hesabu ni nyingine. Kwa kawaida leza peke yake haivumilii pengo linalozidi takriban sehemu moja ya kumi ya unene wa bamba. Bamba la milimita 6 linaruhusu nusu milimita hivi. Bamba lililoliwa na kutu kisha likakatwa kwa gesi halifikii kipimo hicho, na pete haileti chuma cha kuzibia. Fundi mwenye kijiti cha kuchomelea huliona pengo na kulijaza papo hapo.

Kwa ukarabati, basi, tao la umeme linabaki chaguo sahihi. Anayetaka kuunda meli mpya kwa leza kando ya ziwa hili aanze na mashine ya kukata bamba kwa kipimo, na umeme usiokatika.