Saa ya Ujerumani Ikifika Gakindu

Jamaa akirudi Gakindu kutoka Ujerumani na saa ya kengele inayojirekebisha kwa redio, betri hutiwa na alama ndogo ya mnara huanza kumetameta kwenye kona ya kioo. Baada ya dakika kadhaa huzimika, na wenyewe husema saa ni mbovu. Si mbovu hata kidogo. Inatafuta mawimbi yasiyofika huku kwetu Mukurwe-ini, Nyeri.

Mnara wake uko Mainflingen, karibu na Frankfurt, na hurusha mawimbi ya kilohezi 77.5. Karibu kila sekunde nguvu yake hupunguzwa kwa muda mfupi: sehemu moja ya kumi ya sekunde ni sifuri, sehemu mbili ni moja. Tarakimu hizo zikikusanywa dakika nzima, saa inapata wakati na tarehe. Lakini mawimbi hayo hutegemewa hadi kilomita 2,000 hivi, na kutoka huko hadi Nyeri ni zaidi ya 6,000. Kuisogeza dirishani, kama kijitabu cha saa kinavyoshauri, hakusaidii.

Kuna ujanja ninaouhusudu sana. Spika ya simu haiwezi kufika 77.5, kwani sauti yake huishia kwenye 20 hivi. Ila zipo programu zinazoichezesha kwa kilohezi 15.5. Mkondo wa umeme ukipotoka kidogo ndani ya spika, huzaa pia mawimbi ya mara tano yake, na 15.5 mara tano ni 77.5 barabara. Mawimbi hayo ni hafifu mno, hufika sentimita chache tu, kwa hiyo simu iegemezwe kwenye saa, sauti iwe juu kabisa, na visiguswe. Saa haiamini dakika moja. Husubiri zinazofuatana zipatane. Programu ikikubali kuchagua ukanda wa saa, ipe wa Nairobi, la sivyo utaletewa saa za Ujerumani, zilizo nyuma ya zetu kwa saa moja au mbili kutegemea msimu wao.

Asiyetaka kuhangaika na simu arekebishe kwa mkono, lakini kwanza azime upokeaji wa mawimbi, maana saa inayotafuta mnara kila usiku inamaliza betri bure. Kitufe cha mwisho akibonyeze simu iliyo kwenye mtandao inapoingia dakika mpya. Kuanzia hapo kazi ni ya kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Kimetengenezwa kiende sawa kwenye joto la nyuzi 25 hivi, kwa hiyo baridi ya Julai huku kwetu hukichelewesha, ila kwa mwezi mzima tofauti huwa ya sekunde tu. Anayeamka saa kumi alfajiri kukamua awahi gari la maziwa hatapungukiwa na kitu. Aandike 4:00, kisha aangalie kama alama ya kengele imetokea kiooni, kwa sababu saa nyingi hukubali kupangiwa wakati wa kulia huku kengele yenyewe ikiwa imezimwa.